Chuma Kimekatika Tena Palepale: Kuusoma Mvunjiko Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Dereva huja na kipande kilichokatika amekifunga kwenye tambara, na hata salamu haijaisha ameshatoa hukumu: "Fundi, hizi bolti ni feki." Inawezekana. Feki sokoni zipo, tena tele. Lakini bolti iliyokatika mara tatu kwenye tairi lilelile, kila mara ikiwa imenunuliwa duka tofauti, haiwezi kuwa feki mara zote tatu. Hapo kuna kitu kinachoikata, na kitaikata na ya nne.

Mwongozo huu ni wa magari ya mizigo hasa, na kidogo pikipiki. Nimeupanga kwa dalili, kama watu wanavyozileta gereji. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi ndiyo ya kwanza.

Kinachoendelea ndani ya chuma

Kila mtu amewahi kukata waya bila koleo: unaukunja huku, unaukunja kule, mwisho unaachia. Hukuuvuta kwa nguvu, umeuchosha. Kwenye gari mkunjo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni, lakini unarudiwa mno. Tairi la lori kubwa lina mzingo wa mita 3.3 hivi, yaani linazunguka kama mara 300 kila kilomita. Safari mbili za kwenda na kurudi Dar es Salaam hadi Mbeya, na bolti zake zimeshapita mizunguko milioni moja. Chuma kinachorudiwa mkazo hivyo hukatika kwa mzigo ambao kingeubeba mara moja bila hata kupinda. Wahandisi huita uchovu wa metali.

Uchovu huanzia mahali padogo: ukingo wa tundu, kona kali, mkwaruzo, shimo la kutu, mwisho wa weldi. Hapo mkazo hujikusanya, ufa unazaliwa, unatembea polepole kwa wiki au miezi, halafu siku moja chuma kilichobaki hakitoshi na kinaachia chote kwa mpigo. Dereva anaona hiyo siku moja tu.

Uso wa mvunjiko unasema nini

Hapa ndipo pa kuanzia kwa dalili yoyote ile. Usisugue kwa brashi ya waya, na usiviunganishe vipande viwili kuona kama vinaingiana, utafuta maandishi. Pangusa mafuta taratibu kwa kitambaa laini, toka nje penye mwanga, tazama kwa kuinamisha.

Uchovu huacha sehemu mbili. Moja ni laini, mara nyingi ina mistari ya mviringo iliyopangana, kama ile ambayo maji ya bahari huiacha mchangani yakipwa. Nyingine ni ya kukwaruza, ina chembechembe kama sukari. Laini ndipo ufa ulipokuwa ukitembea. Ya chembe ndipo palipokatika siku ya mwisho. Ifuate mistari kinyumenyume hadi inapobana kuwa kituo kimoja ukingoni: hapo ndipo ulipoanzia, na hapo ndipo pa kutafuta sababu.

Sehemu laini ikichukua robo tatu ya uso, mzigo ulikuwa wa kawaida na ufa umekaa muda mrefu. Mtu angechungulia angeuona. Ikiwa laini ni kijisehemu tu ukingoni, gari lilikuwa linazidishiwa. Isipokuwepo kabisa, na chuma kimevutika au kupinda, huo si uchovu bali ni pigo moja kubwa, na mwongozo huu haukuhusu.

Zile chembe zimewadanganya wengi. Mafundi wakiziona husema chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani, au kimegeuka ndani kikawa kama kioo. Wahandisi wa karne ya 19 walisema vivyo hivyo ekseli za treni zilipokuwa zikikatika, pamoja na ile iliyosababisha ajali ya Versailles, Ufaransa, tarehe 8 Mei 1842. Mjerumani August Wöhler ndiye aliyekaa miaka akizijaribu ekseli kwa mizigo ya kurudiarudia, akaonyesha kwamba kinachohesabika ni ukubwa wa mkazo na idadi ya marudio. Chuma kizuri kabisa huchoka.

Dalili: Bolti za tairi zinakatika

Hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayoua, kwa sababu tairi likichomoka halichagui la kugonga.

Sababu ya kwanza, kwa mbali sana, ni nati kulegea. Watu hudhani bolti ndiyo inayobeba gari. Nati zikikazwa vizuri, rimu hubanwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa nguvu kubwa, na msuguano wa hizo nyuso mbili ndio unaobeba. Bolti yenyewe inabaki imevutika tu, haisikii sana kila tairi linapozunguka. Nati ikilegea, rimu inaanza kucheza na kila mzunguko unaikunja bolti. Hapo zile milioni moja zinaanza kuhesabika.

Kwa nini zilegee wakati zilikazwa? Tazama kilichopo katikati ya rimu na habu. Kuna lori lililoletwa kwetu mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara bolti mbili au tatu za nyuma kushoto. Mara ya kwanza na ya pili tulibadilisha, tukakaza, tukalipwa. Mara ya tatu niliivua rimu nikapitisha kucha pale inapokalia: rangi ikabanduka kama ganda la yai. Mwenye gari alikuwa amepaka rimu upya, koti juu ya koti, mpaka kwenye uso wa kukalia. Rangi hupondeka na kuliwa, unene unapungua kidogo sana, na nguvu ya kubana inaondoka yote. Tuliikwangua hadi chuma cheupe, tukafunga bolti mpya zote kumi. Haikurudi. Zile mara mbili za mwanzo bado zinanisumbua, maana pesa tulichukua.

Ukaguzi wa haraka, bila kuvua chochote: tafuta michirizi ya kutu nyekundu inayotoka kwenye nati kuelekea nje, na sehemu inayong'aa kuzunguka nati. Vyote viwili ni dalili ya kucheza. Ukivua, angalia kama matundu ya rimu yamekuwa mayai badala ya duara. Rimu ya hivyo haifai tena, hata mwenye gari akilia.

Sababu ya pili ni kinyume chake, kukaza kupita kiasi. Bomba la mita moja na nusu limechomekwa kwenye spana, utingo amepanda juu anarukaruka. Au mashine ya upepo imeachwa ilie mpaka ichoke yenyewe. Bolti inavutika hadi inapoteza uspringi wake, na baada ya hapo haibani tena. Kuijua ni rahisi: safisha nyuzi, zungusha nati kwa vidole tu kutoka ncha hadi chini. Ikikwama katikati, bolti imevutika, itupe.

Sababu nyingine hutokea mara chache: nati za koni kwenye rimu ya nati bapa au kinyume chake, bearingi za habu zilizolegea, mzigo uliozidi upande mmoja. Ubora wa bolti yenyewe nauweka mwisho, ingawa wateja huuweka mwanzo.

Matengenezo: ikikatika moja, badilisha hiyo na jirani zake wa pande zote mbili, kwa sababu ndio waliobeba zamu yake. Zikikatika mbili au zaidi kwenye tairi moja, badilisha zote. Safisha nyuso hadi chuma kionekane, kaza kwa kuvuka msalaba kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 160. Huko kurudia ndiko kunakorukwa kuliko yote. "Nitakaza Chalinze" ni ahadi nimeisikia mara nyingi.

Dalili: Jani la springi linakatika

Uliza kwanza limekatikia wapi.

Likikatikia katikati, kwenye tundu la bolti ya kati, mtuhumiwa ni yubolti zilizolegea. Yubolti ndizo zinazoufanya ule mkusanyiko wa majani uwe kitu kimoja juu ya ekseli. Zikilegea, majani yanajikunja pale pale kwenye tundu, mahali penye chuma kidogo kuliko pote. Springi mpya inajilaza kilomita za mwanzo, kwa hiyo yubolti zinataka kukazwa tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Yubolti iliyokwisha kuvutika usiirudishe.

Likikatikia karibu na jicho, angalia bushi na pini. Pini iliyokauka grisi hushika, na springi inalazimika kujikunja shingoni badala ya kuzunguka.

Likikatikia kati ya hapo, fikiria mzigo, kisha shokapu zilizokufa, kisha jeraha juu ya jani: alama ya nyundo, kishimo cha kutu, cheche za weldi zilizodondokea. Springi ni chuma kigumu kilichopikwa kwa moto maalumu. Tone moja la weldi lililoganda juu yake linageuza ngozi ya pale kuwa ngumu kama kioo, na ufa unapata pa kuanzia. Ukichomelea karibu, funika springi kwa gunia lililoloweshwa maji, na waya wa athi usiuning'inize juu yake.

Kuchomelea jani lililokatika? Hapana. Litakatika kando ya weldi, pengine kabla hujafika mzani.

Na ile dawa ya kuongeza jani la ziada, naifahamu na nimeifanya. Springi inaacha kukatika kweli. Miezi michache baadaye kinaanza kupasuka chuma kinachoshikilia springi kwenye chesisi (fremu inayobeba gari), kwa sababu lile pigo lililokuwa likimezwa na springi limehamia juu. Umelihamisha tatizo mahali ghali zaidi.

Dalili: Ufa kwenye chesisi

Kwanza hakikisha ni ufa, si mkwaruzo wa rangi. Njia ya bei rahisi: safisha mahali, paka mafuta ya taa, subiri kama dakika kumi yapenye, futa kabisa mpaka pakauke, kisha saga chaki nyeupe uinyunyizie juu. Gonga chuma taratibu kwa nyundo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda kwenye chaki na utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Usifanye hivyo karibu na mtu anayechomelea. Madukani kuna dawa za kopo za rangi nyekundu zinazofanya kazi hiyohiyo kwa usahihi zaidi. Ufa ulio ndani, au chini ya bamba, hauonekani kwa njia hizo; huo unataka mashine ya mawimbi ya sauti.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni weldi ya kitu kisicho na maana: kishikilia taa, ngazi, mahali pa kuwekea tairi la akiba. Mtu amekichomelea kwenye mdomo (ukingo uliolala) wa juu au wa chini wa chesisi, ambako mkazo ni mkubwa kuliko pote. Ukitaka kujua kidogo hicho kinaweza kufanya nini, tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la wafanyakazi wa mafuta lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka kwenye Bahari ya Kaskazini na watu 123 wakafa. Uchunguzi ulirudi hadi kwenye weldi ya milimita 6 iliyoshikilia kikalio cha kifaa cha kusikilizia majini kwenye mmoja wa mihimili inayounganisha nguzo zake. Ufa ulianzia hapo.

Zinazofuata ni tundu lililotobolewa kwenye mdomo wa chesisi (matundu yakae kwenye ukuta wa kati, na hata huko kwa kufuata kitabu), halafu bamba la kuimarishia lililokatwa mraba. Bamba la mraba linafanya chesisi iwe ngumu ghafla, na ufa mpya huzaliwa sentimita chache kutoka mwisho wake. Ncha za bamba zichongwe kwa mshazari, ugumu upungue polepole. Riveti nazo zipigwe nyundo moja moja. Iliyolegea italia kwa sauti ya kufa.

Hesabu moja ya kukumbuka kuhusu weldi: mkazo ukiongezeka mara mbili, umri wake wa uchovu haupungui nusu, unapungua kama mara nane. Ndiyo maana lori linalozidishiwa mzigo halichakai kidogo zaidi kuliko wenzake. Linakufa mapema.

Kuzuia ufa usiendelee hadi ufike kwa mtaalamu, toboa tundu dogo safi mwisho wake, ulainishe kingo. Ncha halisi ya ufa huwa mbele kidogo ya pale jicho linapoishia, kwa hiyo thibitisha kwa dawa kwamba tundu limeikamata. Hiyo ni ya kufikia gereji bila mzigo, si ya kuendelea na kazi.

Weldi yenyewe waachie wanaojua chesisi hiyo ni ya chuma gani. Baadhi ya chesisi za malori makubwa zimepikwa kiwandani na moto wa weldi unazilainisha kandokando. Na kabla mtu hajawasha mashine, chomoa nyaya za betri na za visanduku vya umeme vya injini, la sivyo utalipa mara mbili.

Dalili: Paipu ya nozeli inakatika karibu na nati

Fupi hii. Kibanio hakipo. Karibu kila mara, mtu alifungua paipu zile, akavirudisha vibanio viwili kati ya vinne, na paipu sasa inatetema peke yake mpaka inachoka shingoni. Rudisha vibanio vyote pamoja na raba zake, weka paipu mpya isiyolazimishwa kupinda ili ifike. Kuichomelea kwa gesi ni kujisumbua.

Onyo: usitafute uvujaji kwa kidole injini ikiwaka. Paipu hizi hupeleka dizeli kwenye injini kwa presha kubwa, na dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi. Jeraha linaonekana kama la sindano, lakini ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Dalili: Kranki iliyochongwa imekatika ndani ya miezi michache

Tazama ulikoanzia mvunjiko. Kama ni pale shingo ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) inapokutana na ukuta wake, muulize aliyeichonga aliacha mviringo kiasi gani kwenye hiyo kona. Kiwanda huacha kona ya mviringo laini, na viwanda vingi huikandamiza kwa magurudumu au kuipika iwe ngumu zaidi. Jiwe la kusagia lenye ukingo mkali huondoa vyote viwili na kuacha kona kama ya sanduku. Kranki inapendeza, vipimo vya kipenyo viko sawa, na haitafika mbali.

Kama kona iko salama, pima mstari wa bearingi kuu kwenye bloku, kisha angalia puli ya mbele yenye mpira katikati. Mpira ukifa, puli haimezi tena mtetemo wa kujisokota, na kranki inaumeza yenyewe. Mvunjiko wa namna hiyo mara nyingi hukata kwa mshazari. Watu hubadilisha kranki ya bei mbaya na kurudisha puli ileile.

Dalili: Spoki za bodaboda zinakatika moja baada ya nyingine

Zinakatikia kwenye kiwiko, pale zinapoingia habu. Sababu kubwa ni ulegevu, si ukazaji. Spoki iliyolegea huachia na kuvutwa kila mzunguko. Iliyokazwa hubaki imevutika muda wote na mkazo wake haubadiliki sana. Zipige kwa spana ndogo mduara mzima usikilize: zote zilie sauti inayokaribiana. Zikikatika tatu au zaidi, suka gurudumu lote upya, kwa maana zilizobaki zimetembea safari zilezile.

Kwa wenye rimu za aluminiamu: feleji ikikaa chini ya mkazo fulani yaweza kudumu karibu bila kikomo. Aloi za aluminiamu hazina mkazo wa usalama wa namna hiyo. Hata mkazo mdogo huhesabiwa. Rimu ya aluminiamu yenye ufa haichomelewi, inatolewa.

Hapa simamisha kazi

Usukani: mikono yake, nakili (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele), viungo vya mpira. Ekseli ya mbele. Kingipini ya trela na sahani inayoipokea. Pedali na mikono ya breki. Ndoano na minyororo ya kunyanyulia. Ufa wowote kwenye hivi, hata wa milimita tano, gari halitoki kwa matairi yake. Linabebwa, na kifaa kinabadilishwa kipya. Tangi la mafuta au la gesi usiliguse kwa moto hata kama limekaa tupu mwaka mzima.

Kifaa kilekile kikikatika mara ya pili baada ya kupita ukaguzi wote hapo juu, kipeleke kwa mhandisi wa metali. Mpe vipande vyote viwili, vimepakwa mafuta mepesi na kufungwa kila kimoja kivyake. Andika kilomita kilizotembea, upande wa gari, mzigo wa kawaida, njia, na nani alifungua mahali pale mara ya mwisho. Hilo la mwisho madereva hawapendi kulitaja mbele ya fundi, kwa hiyo muulize utingo.